Luberizi: Fundi wa simu na orodha ya waliopotezana

LUBERIZI, bonde la Ruzizi – Anayetoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5 hushuka milima ya Ngomo, hupita Kamanyola, Luvungi na Bwegera, ndipo anafika Luberizi, kabla ya Sange. Wengi wanapajua kwa kambi ya jeshi. Wachuuzi wanapajua kwa soko. Na kwa miezi mingi ya mwaka 2025, familia zilizokimbia vita zilipajua kwa meza moja ya mbao yenye sola juu ya bati, mahali simu ilipochajiwa kwa franka chache na kila aliyeleta simu aliuliza swali lile lile: “Hamjasikia habari za fulani?”

Fundi mwenye meza hiyo ni mtoto wa hapa. Alisomea mambo ya kompyuta Bukavu, karo ikakosekana, akarudi bondeni akaanza kufungua simu za watu. Kila mtu anamwita Fundi, hata mama yake.

Februari 2025, AFC/M23 walipoingia Bukavu, familia nyingi zilishuka bondeni kwa miguu. Wengine walipokelewa na wenyeji hapa hapa. Wengine waliendelea hadi Uvira. Wengine walivuka mto Ruzizi wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, Burundi, na baadaye wengi wakapelekwa mbali zaidi, hadi kambi ya Musenyi. Katika mwendo ule baba alienda huku, mama akaenda kule, mtoto akashikwa mkono na jirani. Msalaba Mwekundu unafanya kazi ya kuunganisha familia zilizopotezana, na waliofika kwao walisaidiwa. Lakini mama aliyelala darasani na watoto wanne hawezi kungoja gari la shirika. Anauliza aliye karibu.

Aliye karibu alikuwa Mama Prezida wa kamati ya wahami, ambaye pia ni mshiriki wa kilabu cha wasikilizaji wa redio. Alikuwa akiandika majina katika daftari: nani anatafutwa, ana miaka mingapi, alitoka kijiji gani, nani anamtafuta. Daftari la kwanza lilijaa. La pili lililowa mvua, wino ukatembea, majina ya ukurasa mzima yakawa maji ya bluu. Siku hiyo alikuja kwenye meza akiwa amelibeba kama mtoto mgonjwa.

“Fundi mwanangu, simu zako hizi haziwezi kutushikia orodha?”

Alisema zinaweza. Alikuwa na Samsung ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, sehemu ya kadi ya SIM imekufa. Aliichomekea modemu ya USB yenye kadi ya SIM ndani, ile ambayo zamani watu waliitumia kupata intaneti kwenye kompyuta. Kisha akaandika programu ndogo ya kusikiliza modemu: ujumbe ukiingia, inauandika katika faili la orodha. Programu ya namna hiyo haina picha kwenye kioo. Inaamka simu inapowashwa, inakaa nyuma na kufanya kazi yake kimya. Watu wa Linux wanaiita dimoni. Fundi alipolitaja neno hilo mbele ya kamati, mzee mmoja wa kanisa aliinua kichwa na kuuliza kama kuna jina lingine. Halikupatikana, na mpaka leo kuna wanaocheka.

Dimoni ilikataa kufanya kazi usiku wa kwanza. Kila ilipojaribu kugusa modemu, mfumo wa simu uliizuia. Fundi alikuwa amechoka, betri ya kompyuta inakaribia kwisha, na Mama Prezida alikuwa ameahidi watu kwamba kesho namba itafanya kazi. Basi alifanya jambo ambalo mafundi wengi wanalifanya na wachache wanakubali kulisema. Aliandika amri moja fupi inayoiambia simu iache kuzuia, iandike tu makosa. Akalifungua na faili la orodha kwa kila mtu, kusoma na kuandika, ili asisumbuliwe tena. Dimoni ikafanya kazi. Alilala vizuri.

Asubuhi ujumbe ulianza kuingia. Walikuja kutoka Sange, Uvira, hata ng’ambo ya mto. Wiki ya pili wakapatana ndugu wawili ambao mmoja alikuwa Bwegera na mwingine Uvira, na habari ikaenea.

Hapa ni lazima kueleza kwa nini orodha ya namna hii si kitu cha kuachwa mezani, kwa sababu msomaji aliye mbali anaweza kuona ni majina tu. Katika bonde hili, jina la mtu, jina la baba na jina la kijiji vikikaa mstari mmoja, vinatosha mwingine kujua wewe ni wa kabila gani na ndugu zako walikimbilia upande gani. Mutarule iko jirani na Luberizi. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa pale. Hakuna mtu mzima wa hapa anayehitaji kuelezwa orodha inaweza kufanya nini ikiangukia mkono mbaya.

Wiki kadhaa baadaye, kijana anayemsaidia Fundi aliichukua ile Samsung wakati wa mchana, dimoni ikiendelea kimya ndani yake, akaweka programu ya bure ya muziki aliyopewa kwa bluetooth na rafiki. Alisikiliza nyimbo mbili, akairudisha. Jioni Fundi alifungua kumbukumbu za mfumo kutafuta sababu ya betri kuisha haraka. Akaona mstari ambao hakuutegemea. Ulisema kwamba programu isiyoaminika imefungua folda ya orodha. Mstari ulianza kwa maneno ya kawaida ya kukataza, “avc: denied”, lakini mwisho wake uliandikwa “permissive=1”. Maana yake: hili lilikuwa kosa, nimeliandika, na nimeliacha lipite.

Alitazama ni mara ngapi. Hakuweza kujua, kwa sababu simu ikiwa katika hali ile, kosa la aina moja huandikwa mara ya kwanza tu, yanayofuata yanaweza kupita bila alama. Je, programu ile ilisoma majina? Je, iliyatuma mahali? Labda ilikuwa ikitafuta nyimbo katika kila folda, kama programu nyingi za muziki zinavyofanya. Labda.

Angeweza kunyamaza. Mstari ule hakuna mwingine hapa ambaye angeusoma. Alikwenda kwa Mama Prezida usiku huo huo, akamweleza akiwa amesimama.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo ulikuwa na mlinzi mlangoni, ukamwambia akae tu, aandike waliopita.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na alikuwa amekuzuia wewe kwanza, ndiyo maana ukamkasirikia.”

“Ndiyo, Mama.”

“Kaa chini, mwanangu. Namba tunaizima kesho. Sasa nieleze huyo mlinzi ni nani.”

Mlinzi huyo anaitwa SELinux. Simu nyingi za watu wetu, iwe Tecno, itel au Samsung, zinaendeshwa na Android, na chini ya Android kuna Linux. Katika utaratibu wa zamani wa Linux, mwenye faili ndiye anayeamua nani asome, nani aandike. Juu ya wote yuko mmoja, ruti, ambaye anaingia popote. Ni kama nyumba ambayo mwenyewe anampa ufunguo yeyote anayemtaka. SELinux inaweka sheria nyingine juu ya hiyo. Kila programu inayotembea ina lebo. Kila faili lina lebo, na kila kifaa kilichochomekwa vilevile. Kama hakuna mstari unaosema wazi kwamba lebo hii inaruhusiwa kufanya jambo hili kwa lebo ile, jibu ni hapana. Na hapana hiyo inamhusu ruti pia. Ndiyo maana unaitwa udhibiti wa lazima: mwenye faili hawezi kuufuta kwa hiari yake. Mtu wa bondeni analielewa jambo hili haraka. Karatasi ya kuvuka mto kwenda soko la karibu haikuruhusu kufika Bujumbura, hata kama kwenu wewe ni mtu mkubwa.

Mama aliuliza nani aliutengeneza. Fundi alijibu kweli: shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ambalo liliutoa wazi kwa watu wote Desemba 2000. Mwaka 2003 ukaingia ndani ya Linux toleo la 2.6. Android iliuchukua 2013 katika toleo la 4.3, kwanza kwa kuandika makosa bila kuzuia, na toleo la 5.0 la mwaka 2014 likaanza kuzuia kila mahali.

“Wapelelezi ndio walitengeneza kufuli?” Mama alicheka kidogo, bila furaha.

Fundi akasema maandishi yake yako wazi, yamesomwa na watu wengi wasiowapenda wapelelezi.

“Basi na wewe uyasome kabla hujatuwekea.”

Aliyasoma. Ilimchukua karibu miezi miwili, kwa kompyuta inayokula sola na kwa mtandao unaokuja usiku wa manane. Kujenga mfumo mzima wa Android kunadai nafasi ya mamia ya gigabaiti na mashine yenye nguvu, vitu ambavyo Luberizi havipo. Lakini sera yenyewe ni maandishi tu. Faili aliloandika lilikuwa dogo kuliko picha moja ya harusi. Alilituma kwa rafiki waliyesoma pamoja, ambaye yuko Kampala na ana mashine kubwa kazini. Rafiki aliligeuza kuwa lugha ya simu, akairudisha ile sehemu ya kuwashia simu, mega chache tu, kwa sababu katika simu za zamani sera inakaa humo. Wakikosea, wanarudia. Walikosea mara nyingi.

Kazi ya kuandika sera inaanza kwa aibu, kwa sababu unagundua hujui programu yako mwenyewe inahitaji nini. Fundi alidhani dimoni yake inafanya mambo mawili: kusikiliza modemu na kuandika orodha. Aliipa lebo yake, akaipa folda lebo yake, akaipa modemu lebo yake. Safari hii hakufungua simu nzima. Aliiacha dimoni peke yake bila kuzuiwa, simu nyingine yote ikiwa imefungwa, ili aone itaomba nini. Malalamiko yakaja mistari na mistari.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kuna chombo kinachoitwa audit2allow ambacho kinachukua malalamiko yote na kuyageuza kuwa ruhusa. Unakipa mistari 20 ya “imekataliwa”, kinakurudishia mistari ya “iruhusiwe”. Ni kama karani anayepiga mhuri kila karatasi bila kusoma, na kila fundi mwenye haraka anampenda.

Mstari mmoja ulimsimamisha Fundi. Dimoni ilikuwa ikiomba uwezo unaoitwa dac_override, yaani kupita juu ya umiliki wa faili lolote. Karani wake alikuwa tayari kupiga mhuri. Fundi akajiuliza dimoni inayoandika majina katika faili lake mwenyewe ina shida gani na faili za wengine. Alitafuta siku mbili. Kumbe folda aliitengeneza kwa jina la mmiliki mmoja, na dimoni ikawa inaendeshwa na mwingine, ruti. Ili iingie ndani ya folda yake yenyewe ilibidi ivunje. Dawa haikuwa ruhusa. Dawa ilikuwa kuipa dimoni mtumiaji wake, asiye ruti, na folda iwe ya mtumiaji huyo. Lalamiko likakoma lenyewe.

Walioandika Android walilipa bei kubwa kuliko hiyo kwa kujifunza jambo hilo. Mwaka 2015 ilionekana kwamba video iliyotumwa kwa ujumbe ingeweza kuvunja ile sehemu inayofungua picha na sauti, na hatari ilikuwa kubwa kwa sababu programu hiyo moja ilikuwa imerundikiwa ruhusa nyingi. Katika Android 7, mwaka 2016, waliikata vipande, kila kipande na lebo yake na ruhusa zake chache. Fundi naye akaikata kazi yake. Dimoni inashika orodha peke yake. Programu ya pili, yenye kioo, ambayo Mama Prezida anaitumia, haisomi orodha hata kidogo. Inaiuliza dimoni jina moja moja, na dimoni inajibu kama mtu huyo anatafutwa na namba ya kupiga. Dimoni haikupewa mstari wowote wa intaneti. Mwenye kuiba kioo anapata maswali yake tu.

Kisha akaandika mstari aliousubiri, unaoanza na neno neverallow. Huu hauruhusu kitu. Ni kiapo: lebo nyingine yoyote isisome faili la orodha kamwe, isipokuwa dimoni yenyewe na programu ya kwanza inayowasha simu, ambayo inatengeneza folda. Siku nyingine, Fundi akiwa na usingizi, akiandika ruhusa inayovunja kiapo hicho, sera itakataa kujengwa. Alikuwa anajifunga mwenyewe, yule wa usiku wa kwanza.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kuchosha. Katika mfumo unaojengwa kwa ajili ya wajenzi, ruti ameachwa huru kwa makusudi, ili watengenezaji wafanye kazi. Wiki nzima Fundi alijaribu kuiba orodha yake, akafaulu kila mara, akadhani sera yake ni bure, mpaka rafiki wa Kampala alipomkumbusha kwamba wanajaribu aina isiyo sahihi. Waliijenga ile ya kawaida ya watumiaji. Akajaribu tena kwa kebo, kwa programu ile ile ya muziki, kwa kila njia aliyoijua. Hapana. Hapana. Mwisho wa mstari uliandikwa “permissive=0”. Alimpelekea Mama Prezida akaone ile sifuri.

Mama aliitazama, akauliza swali ambalo Fundi alikuwa analikwepa. “Na mtu mwenye bunduki akikuambia ufungue?”

Sera haina jibu kwa hilo. Haina jibu pia kwa mtu mwenye kebo na muda, kwa sababu simu ile mlango wake wa kuwashia uko wazi. Anaweza kuweka sehemu nyingine ya kuwashia isiyo na sera kabisa. Kinachobaki hapo ni kufunga data kwa nywila ndefu, jambo ambalo Fundi alikuwa amelifanya, na kutokuwa na kitu cha kuchukua.

“Kijiji tunakiandika kwa nini?” Mama akauliza.

Walikaa nalo. Kijiji kilikuwa katika daftari kwa sababu daftari zote zina kijiji: la shule, la kanisa, la chakula cha msaada. Lakini anayemtafuta mtoto wake anajua alizaliwa wapi, hahitaji kuambiwa na simu. Wakakitoa. Jina la baba nalo wakalitoa, wakabakiza jina ambalo mtu anaitwa nyumbani, umri na namba ya kupiga. Baada ya hapo wakawatumia ujumbe wote waliokuwa katika orodha ya kwanza, wakawaambia bila kuficha kwamba kulikuwa na kosa na huenda majina yao yameonekana. Wengine walikasirika, na wana haki. Familia mbili ziliomba zifutwe na zikafutwa. Namba ilifunguliwa upya.

Ilifanya kazi mpaka mapema Desemba 2025, vita viliposhuka bonde lote hadi Uvira na watu wa Luberizi wakaanza kufunga mizigo. Fundi alitaka kuibeba simu kama ilivyo. Mama Prezida alikataa. Walikaa kwenye meza ile, sola imekwisha kung’olewa, wakatuma ujumbe wa mwisho kwa kila aliyekuwa bado anatafuta, kumwambia atume jina upya atakapofika. Kisha wakafuta kila kitu. Fundi anasema dole lake lilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko alivyotegemea, kwa sababu kulikuwa na watu ndani ambao hawajapatikana.

Mama alibeba modemu na kadi ya SIM ndani ya unga wa mihogo. Fundi alibeba simu tupu na daftari la shule lenye sera yote, aliyoinakili kwa mkono. Njiani walisimamishwa. Kijana mmoja mwenye silaha alifungua daftari, akapindua kurasa, akasoma kwa sauti allow, allow, neverallow, akauliza ni masomo gani haya. Fundi akasema ni ya kompyuta. Akarudishiwa.

Sasa wako upande wa pili wa mto, chini ya turubai, na watu wanaleta simu kuchaji. Wiki ya tatu namba iliwashwa tena. Ujumbe wa kwanza uliingia jioni, kutoka kwa mama anayemtafuta mwanawe wa miaka 9. Alikuwa ameandika jina lote, la baba na la kijiji. Dimoni ikachukua jina la nyumbani, umri na namba, ikaacha mengine.